Jenereta ilipozima ndo nikamsikia

Ilikuwa saa saba kasoro usiku, nimesimama upande wa kushoto wa jukwaa, karibu kabisa na rundo la spika, besi inanitikisa mpaka meno. Msanii tuliyemsubiri tangu saa mbili yuko stejini dakika ya ishirini na kitu hivi, wimbo ni ule ambao mwaka jana hakuna daladala haikuupiga, na sisi wote tunaimba naye, simu juu.

Mara pap. Jenereta ikazima.

Kila kitu kikafa kwa pamoja, taa, skrini kubwa ya nyuma, ngoma, kinanda, na sauti yake.

Ila watu hatukunyamaza. Nadhani hata sekunde mbili hazikupita, tukaendelea pale pale tulipokuwa, gizani, taa za simu zinawaka moja moja kama vibatari vya wauza samaki wa usiku. Na yeye akasogea mpaka ukingoni mwa jukwaa, akachuchumaa, akaiweka maiki chini, akaimba na sisi mdomo mtupu.

Nilikuwa mita kama tatu kutoka alipo. Sauti ilikuwa nyembamba kuliko ya redioni, inakwaruza kidogo, na kuna sehemu alivuta pumzi katikati ya neno, sehemu ambayo kwenye rekodi haina pumzi kabisa, unapita moja kwa moja. Jasho linamdondoka puani. Nywele za mikono zilinisimama, na sisemi hivyo kupamba.

Zilikuwa kama sekunde arobaini. Kisha jenereta ikawaka, taa zikarudi, akasimama, DJ akaurudisha wimbo toka mwanzo, na ile sauti ya redioni ikarudi laini, imenyooka, huku maiki yenyewe iko kiunoni.

Uwanja ukalipuka kwa furaha. Mimi nikapoa.

Hii ni wiki ya sita na bado nawaza kuhusu zile sekunde.

## Maiki ilikuwa kiunoni

Niseme ukweli, hata kabla ya umeme kukata nilishaanza kuingiwa na wasiwasi. Wimbo wa kwanza sikugundua kitu maana kelele zilikuwa nyingi na mi mwenyewe nilikuwa mmojawapo wa wapiga kelele. Wimbo wa pili akaruka, akazunguka, akalala chini akainuka, na sauti haikutetereka hata chembe, nikajiambia huyu kijana ana mapafu aisee. Wimbo wa tatu akatugeuzia maiki tuitikie, tukaitikia, na kwenye spika sauti yake nayo inaitikia vile vile, wakati mdomo wake umefungwa anatuchekea.

Halafu kikaja kile ambacho kiliniuma kuliko vyote. Alienda pembeni kunywa maji, kichwa kakiinua, chupa iko mdomoni, na kwenye spika nikamsikia anasema, "Dar es Salaam mpooo?"

Hata salamu ilikuwa imerekodiwa.

Tukaitikia tupo.

Kiingilio kilikuwa elfu thelathini, na kwangu mimi elfu thelathini ni hela, lakini nataka nieleweke kwamba sikuumia kwa sababu ya hela. Ule wimbo ninao kwenye simu, nausikiliza jikoni nikimenya vitunguu, nausikiliza kwenye mwendokasi, naujua mpaka pale kwenye dakika ya pili ambapo kuna kijisauti cha pembeni kinacheka. Kilichonitoa nyumbani Tabata na bodaboda, nikasimama masaa matano kwa viatu ambavyo havikufaa kusimamia, kilikuwa kitu kingine. Nilitaka nimkute anaimba. Lile tendo lenyewe, mtu anafungua mdomo mbele yangu na hajui kama ile noti ya juu ataifika leo au hataifika.

Nilirudi nyumbani na hasira ambayo sikuwa na pa kuipeleka.

## "Dada, kwani wewe ulienda kumsikiliza?"

Kesho yake nikamwambia mdogo wangu. Ana miaka ishirini na moja na tulikuwa naye pale uwanjani, yeye na wenzake walikuwa katikati huko kwenye vumbi. Nikamwelezea mambo yote, maiki, maji, salamu, nikitegemea atashtuka.

Akaniangalia hivi. "Dada, kwani wewe ulienda kumsikiliza?"

"We ulienda kufanya nini?"

"Mi nilienda kuimba."

Nikamwambia hiyo si sababu, ungeweza kuimba nyumbani. Akasema nyumbani ataimba na nani, mama atasema punguza sauti. Akasema pale walikuwa maelfu na wote wanajua maneno, na yule msanii kazi yake ilikuwa awepo, awaangalie wakiimba, acheze, basi. "Angeimba kwa mdomo wake ningemsikia mimi? Nyuma yangu kuna watu wote wale wanapiga kelele, dada. Hata we mwenyewe ulikuwa unapiga kelele."

Sikuwa na jibu. Na hicho ndo kilichonifanya nianze kuandika hii makala kwenye notisi za simu, kwa vipande, maana nilijua nina hoja ila kila nikiishika inaniponyoka.

Kwa sababu yuko sahihi kwa sehemu. Nikikumbuka usiku ule, raha niliyoipata kabla ya kuanza kumkagua yule kijana ilikuwa raha ya kweli. Kuna mama mmoja pembeni yangu, mtu mzima kabisa, amejifunga kanga juu ya suruali, tulishikana mikono kwenye kiitikio kama tunafahamiana. Nani wa kuniambia hiyo ilikuwa feki?

## Flash

Mtaani kwetu kuna kaka mmoja kazi yake ni kufunga mitambo ya muziki, harusi, mikutano, matamasha, kila kitu. Nikamkuta dukani jioni nikamuuliza moja kwa moja, kwanini wanaimba pleibeki, yaani rekodi inaimba na wao wanafungua mdomo tu.

Akacheka, akaagiza soda, akakaa. Nikajua jibu ni refu.

Akaniambia, dada'angu, usiku mmoja wana wasanii kumi na mbili hadi kumi na tano. Bendi kamili ina watu nane, kila mtu ana chombo chake na kila chombo kina waya wake, kupanga sauti za bendi moja tu vizuri inataka saa nzima, na hiyo saa hakuna, maana saa kumi jioni promota bado anagombana na mtu wa jukwaa. Sasa msanii anakuja na flash. Anampa DJ flash, anapanda, anashuka, anapanda mwingine. Akasema flash zenyewe ziko za aina mbili. Kuna ambaye analeta biti ya kuimbia, sauti yake kuu imetolewa zimebaki za waitikiaji, huyo anaimba kweli, unasikia anahema, wakati mwingine anapotea kidogo. Na kuna ambaye analeta wimbo ule ule uliopo redioni.

"Wa kwanza wapo wengi?"

"Wapo. Ila akipanda baada ya wa pili anaonekana hajui kuimba."

Hilo lilinikaa kifuani. Fikiria umejikaza, umefanya mazoezi wiki mbili, umepanda na sauti yako ya kweli yenye mikwaruzo yake, na watu wanakulinganisha na mwenzako ambaye sauti yake imepita studio, imenyooshwa, imepakwa mwangwi, imewekwa juu ya sauti nyingine tatu za yeye mwenyewe. Lazima uonekane dhaifu. Kesho yake kipande kinazunguka mitandaoni, mtu kakurekodi kwenye ile noti iliyokukataa, na chini yake watu mia tatu wanacheka.

Kwa hiyo na sisi tumo. Mimi mwenyewe nimewahi kutuma vipande vya namna hiyo kwenye grupu la familia, zaidi ya mara moja, na yule dada aliyeimba siku hiyo alikuwa anaimba kweli kabisa, ndo maana alikosea.

Nikamuuliza yule kaka, na yule wa jenereta je, unaonaje, anajua kuimba? Akasema nilikuwa naye mwaka fulani kwenye harusi, kabla hajawa na jina, aliimba na kinanda kimoja tu, "watu waliacha kula."

## Waliokuwa wanaimba kwa mkupuo mmoja

Wanaonijua wanajua huwa natamka jina la Msondo kama watu wengine wanavyotamka jina la timu. Nimelirithi kwa mjomba. Bendi iliyoanza 1964 kama NUTA Jazz, ya chama cha wafanyakazi, ikaja ikawa Juwata, ikawa OTTU, jina linabadilika kila chama kikibadilika jina, mpaka ikabaki Msondo Ngoma. Mjomba ana kanda ambazo sauti ya Muhidin Gurumo imeshaanza kuliwa na umri wa kanda yenyewe, na hataki kusikia habari ya kuzihamishia kwenye simu.

Yeye ndo aliwahi kunieleza jinsi nyimbo zile zilivyorekodiwa pale Redio Tanzania Dar es Salaam. Bendi nzima inaingia studio, wote wanapiga kwa pamoja, mwimbaji anaimba pamoja nao, na mtu wa tarumbeta akikosea mwishoni mwa wimbo mnaanza upya nyote. Nyimbo zenyewe ndefu, dakika saba, nane, na zilishapigwa ukumbini wiki nyingi kabla hazijafika studio, watu wameshazicheza, wameshajua wapi sebene inapanda.

Nikiwa nafikiria habari ya flash ndo hiki kitu kikanijia. Enzi zile rekodi ilikuwa inajaribu kufanana na jukwaa. Unasikiliza redio unasikia ukumbi. Sa hivi wimbo unazaliwa kwenye kompyuta, mtu na produsa wake usiku, sauti inaingizwa mstari kwa mstari, na jukwaa ndo linahangaika kufanana na rekodi. Na haliwezi. Hakuna koo la binadamu linaloweza kuimba sauti nne za mtu huyo huyo kwa wakati mmoja. Kwa hiyo yule kijana aliyepanda na flash alikuwa anashindana na yeye mwenyewe wa studio, na akaamua asishindane.

Nikaona nimepata jibu. Jumapili ile ile nikaenda na mjomba kwenye bendi, si Msondo, bendi nyingine ndogo ya mtaani inayopiga baa moja huko Temeke, nikathibitishe.

Walikuwa wazuri mno. Mpiga solo ni mzee mwenye miwani iliyofungwa na uzi, anapiga kakaa, hatabasamu, vidole vinatembea kama mtu anayepekua mchele. Mwimbaji aliimba masaa matatu kwa koo lake. Hakuna flash, hakuna cha kujificha.

Na watu walikuwa wamempa mgongo.

Nilihesabu meza, mimi hesabu ndo ugonjwa wangu. Meza kumi na tisa. Zinazoangalia bendi zilikuwa nne. Nyingine zote nyama choma, mpira kwenye TV, stori. Wimbo ukiisha mtu mmoja anapiga makofi mawili. Mjomba mwenyewe, mpenzi wa muziki wa dansi kuliko mtu yeyote ninayemjua, nusu saa nzima alikuwa anabishana na jirani habari za kiwanja.

Kule kulikuwa na watu maelfu wanaomwangalia mtu asiyeimba, na huku mtu anaimba kila kitu alichonacho na hakuna anayemwangalia. Nilirudi nyumbani nimechanganyikiwa kuliko nilivyoondoka.

## Sinema ni pleibeki tupu

Wiki ya tatu au ya nne, rafiki yangu akanibeba kwenda kuangalia Vuta N'Kuvute kwenye ukumbi mdogo mjini. Nilishaisoma riwaya ya Shafi Adam Shafi shuleni kama nyie wote, ila filamu ya Amil Shivji niliikosa ilipotoka. Ilianzia kuonyeshwa Toronto, Septemba 2021, mwaka uliofuata ndo Tanzania ikaipeleka kugombea Oscar, na mimi miaka yote hiyo nasema nitaiona nitaiona.

Tulikuwa watu kumi na moja ukumbini.

Maoni yangu ya shabiki tu: ni filamu tulivu, tulivu kiasi kwamba dakika ishirini za kwanza nilikuwa nasubiri mtu apige kelele. Haikukimbizi. Inakuacha ukae na uso wa Yasmin mpaka uone anavyobadilika kutoka binti aliyeozeshwa kwa mzee mpaka mtu anayejua anataka nini. Vichochoro vya usiku, taa moja, vivuli. Na nilipenda kwamba wanaongea Kiswahili cha Unguja bila kukifafanua kwa mtu yeyote. Kama kuna kitu kilinipungukia ni Denge, kwenye kitabu nilimpenda kwa ucheshi wake, humu ni mzito zaidi, lakini hilo ni langu.

Nililia mara mbili.

Na nikiwa nafuta machozi ndo nikashtuka. Mimi huyu mwenye hasira na rekodi, nalia mbele ya rekodi. Hakuna mtu hata mmoja pale ukutani aliyekuwepo kweli. Kila neno lilishasemwa miaka mingapi iliyopita, likakatwa, likaunganishwa. Sinema ni pleibeki kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na haikunidhulumu chochote.

Kwanini?

Nimezunguka na hilo swali siku nyingi sana, na jibu nililo nalo ni dogo. Sinema haikuniambia kwamba iko pale na mimi. Hakuna mtu kwenye ule ukuta aliyegeuka akasema Dar es Salaam mpo. Kama yule kijana angepanda akasema jamani leo koo limekataa, tuuweke wimbo tucheze pamoja, naapa ningecheza mpaka asubuhi. Ile salamu ndo iliyoniumiza. Nikasema "nipo" kwa mtu ambaye hakuwa ameniuliza.

Halafu nikakumbuka kitu kingine, kinakwenda kinyume kabisa, yaani rekodi iliyofanywa iwe hai.

Nimekulia Morogoro, na mtaani kwetu kulikuwa na kibanda umiza, mabati, magunia madirishani, benchi za mbao, TV moja juu ya kreti. Wasichana hatukuwa tunaenda, ila kaka yangu alinipitisha nikiwa na miaka tisa, nimevaa kofia yake. Zilikuwa zinaletwa kanda zilizotafsiriwa na Lufufu, na watu walikuwa wanauliza kwanza kama ni ya Lufufu ndo watoe hela. Siku kanda yake haipo, kuna jamaa wa pale pale mtaani alikuwa anakaa kwenye ndoo pembeni ya TV na maiki yake mbovu, anatafsiri mwenyewe, na kiukweli Kichina hakijui hata kidogo. Anaangalia sura za wale watu anatunga. Akiona mzee anakemea, anasema huyu mzee anadai kodi ya miezi mitatu. Anamtaja mwenye nyumba wa mtaani kwa jina. Mtu akipigwa teke anakuuliza wewe uliyekaa mbele, "umeona hiyo, au nirudishe?" Na anarudisha.

Filamu moja niliiona mara mbili na hadithi zilikuwa mbili tofauti kabisa.

Majirani zetu Kenya wana DJ Afro, kazi yake ni hiyo hiyo na watu wanampenda kuliko waigizaji wenyewe, na sishangai. Kanda imeshakufa, imekauka, haibadiliki, halafu anakuja mtu anakaa pembeni yake anaongea na wewe unayemwona, leo, kwa jina la mtaa wako.

## Ngome Kongwe, Februari

Kabla ya haya yote niliwahi kwenda Sauti za Busara, Unguja, na nadhani ndiko nilikoharibikiwa. Lile tamasha lipo tangu 2004 na msimamo wao ni muziki wa laivu mtupu, huwezi kuja na flash pale Ngome Kongwe. Wakati naenda sikulifikiria hilo kabisa, nilienda kwa ajili ya bahari na urojo.

Usiku wa pili akapanda dada mmoja na udi, fidla, kanuni na wapigaji wake, mambo ya taarabu ya asilia. Wimbo wa pili, kwenye ubeti wa tatu, sauti ikamkatika. Ikakwama kabisa, kama mlango. Akasimamisha wenzake kwa mkono, akakohoa, akachukua maji akanywa taratibu mbele yetu wote, ukumbi mzima kimya, unasikia mpaka popo. Akasema, "Niwieni radhi, nauanza tena huu ubeti, maana ndo mtamu."

Akauanza.

Mama mmoja wa Kizanzibari aliyekuwa mbele yangu na buibui lake akainuka kabla ubeti haujaisha, akatembea polepole, anayumba na muziki, noti imenyooshwa kati ya vidole viwili, akaenda akamtunza. Akafuata mwingine. Wakafuata watano. Wazungu wenye kamera hawakuelewa ni kitu gani kinaendelea, ila sisi tuliokulia kwenye maharusi tunajua, pale unamjibu. Amekwambia kitu, umesimama umejibu, na watu wameona.

Bi Kidude, aliyetutoka Aprili 2013, watu waliomshuhudia pale pale Ngomeni na mjini wanasema hakuwa na haja ya kubembeleza ukumbi, anakaa na ngoma yake kati ya miguu basi. Mi sikumwahi. Ila Zuchu, mnaomsema kila siku, kumbukeni mama yake ni Khadija Kopa, mwimbaji wa taarabu, yule mtoto amekua anaangalia mama yake akijibiwa namna hiyo uso kwa uso. Nikipewa nafasi ya kuchagua, ningelipa kumsikia Zuchu amekaa kwenye kiti na watu wanne wa taarabu nyuma yake, bila wacheza shoo, bila moshi. Na Barnaba na gitaa lake tu. Na Ruby, Ruby hata bila gitaa. Mbosso namweka hapo pia, ile sauti haihitaji kusaidiwa. Christian Bella yeye hahitaji kuombwa, huyo na Malaika Band yake ndo kazi yao.

Sauti Sol walipoagana na mashabiki Uhuru Gardens, Novemba 2023, kuna rafiki yangu alipanda basi kutoka huku mpaka Nairobi. Alinitumia sauti ya WhatsApp ya dakika nne hivi ambayo nusu ni kilio. Sikuelewa wakati ule. Nikamjibu na emoji ya kopa.

## Ile video

Juzi nikamweleza mdogo wangu haya yote, ya salamu, ya kibanda umiza, ya yule mama na noti. Akasikiliza, siku hizi ananisikiliza. Akasema, "Sawa, lakini we siku ile ulimjibu nini?"

Nani?

"Msanii. Alipochuchumaa. Alikuwa anawaimbia nyie wa mbele. Ulimjibu nini?"

Nikasema niliimba naye. Akauliza, ulimwangalia?

Nilikuwa nimeshika simu. Nilimwangalia kupitia simu, kisha nikaangalia kama taa nyekundu ya kurekodi inawaka, kisha nikamwangalia tena. Ninayo ile video. Kwa wiki sita sikuifungua, sijui niliogopa nini, labda niliogopa nitakuta si kama ninavyokumbuka, kwamba sauti ilikuwa ya kawaida tu na ni giza ndo lililonidanganya.

Jana usiku nikaifungua, nikaweka hedifoni, nikazima taa ya chumbani.

Ni dakika moja na sekunde nane. Mwanzo ni rangi na besi inapasuka, hakuna kinachoeleweka. Kisha pap, kioo cheusi. Unasikia watu wanaguna mara moja, halafu wimbo unaendelea kwa sauti za watu, nzito, imechelewa kidogo nyuma, imewahi kidogo mbele, kama mawimbi hayajapatana. Taa ya simu ya mtu inapita. Kwa mbali unaona goti lake, kiatu cheupe, na mkono unaweka maiki sakafuni taratibu kabisa, kama anaogopa itavunjika.

Na anafungua mdomo.

Nimeirudia mara tisa au kumi. Simu ilikuwa karibu na uso wangu, na mimi nilikuwa naimba kwa nguvu zote, kwa hiyo kinachosikika ni mimi. Mimi na yule mama wa kanga. Yeye unamwona tu anaimba, shingo imekaza, anatuangalia.

Kuna sehemu moja, kama sekunde ya hamsini, nilimeza mate nikakosa neno moja. Hapo ndo yupo. Neno moja, nusu neno, sauti nyembamba yenye mkwaruzo, halafu naingia tena mimi.